Mashimo ya Saa Saba Mchana

Alhamisi, 2 Oktoba

Kanuni mpya za ukataji wa barabara zimebandikwa ukutani, na mimi ndiye niliyebandikwa pamoja nazo. Kuanzia leo hakuna atakayetia sururu kwenye barabara ya mji bila karatasi yenye sahihi yangu, Timiro, mkaguzi wa barabara, mjane mwenye goti bovu. Anayetaka kukata analipa ada kwa kila mita, anaweka dhamana, anafukia na kuirudisha barabara ilivyokuwa, ndipo anarudishiwa dhamana yake. Anayekata bila kibali anatozwa mara tatu. Asipojulikana aliyekata, faini inamwangukia mwenye kiwanja kinachotazamana na shimo. Kifungu hicho nilikipinga mkutanoni. Bosi wangu Abdihafid, kijana aliyesomea Nairobi na anayevaa soksi hata katika joto hili, alisema tusipokuwa nacho kila mtu atadai ni majini waliochimba. Watu walicheka, na mimi nilicheka.

Mtaa wetu wa Waberi, hapa Garissa, unawekwa lami tarehe mosi Disemba. Ikishawekwa, haikatwi tena kwa miaka mitano, kwa sababu yoyote ile. Ndiyo maana watu wa maji, wa umeme na wa intaneti wamenijazia foleni mlangoni.

Naandika humu kwa Kiswahili cha mama yangu, aliyeolewa huku akitokea Lamu. Nyumbani sina wa kumweleza mambo yangu, na ofisini ninao wengi mno.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo kaja mzee kutoka upande wa Wajir, jina lake Nuh. Vidole vyake vimekauka, havikunjiki. Fomu aliishika kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba sahani ya moto.

"Adeer, ami yangu, unataka kibali cha nini?" nikamuuliza.

"Ya kuchimba barabara. Ile ya Waberi."

"Maji au umeme?"

"Hapana. Mtu."

Nilidhani Kiswahili kimemponyoka, nikamuuliza tena kwa Kisomali. Akanijibu kwa Kiswahili kilekile, kwa sauti, kama anayetaka ofisi nzima imsikie kwa lugha yake.

"Bibi yangu iko chini ya hiyo barabara. Ardo. Ile mwaka ya tisini na mbili, ile ukame. Mimi mwenyewe nilizika. Sasa redio inasema mnaweka lami, halafu miaka tano hakuna kuchimba. Mimi miaka tano sina."

Yeye, mkewe Ardo na watu wao walikuwa wametembea kwa mguu, mifugo yote imekufa, wakitafuta mji. Hapo Waberi palikuwa pori tupu na njia ya miguu. Watu wake watano walifia hapo katika siku kumi, na barabara imepita juu yao. Nikamwuliza ni mahali gani hasa. Hajui. Kulikuwa na mgunga mkubwa, na huo mgunga haupo tena.

Fomu ina visanduku vinne: maji, umeme, majitaka, mawasiliano. Nikamweleza kwamba hakuna cha kwake.

"Basi andika maji," akasema. "Alikuwa anataka maji."

Sikuandika. Niligonga muhuri wa IMEKATALIWA nikamwita anayefuata.

Jumatano, 8 Oktoba

Mawingu yalikusanyika saa sita, meusi, yakaondoka saa tisa. Hata tone.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kuna shimo katika mtaa wetu. Sijatoa kibali.

Hapa Garissa, kati ya adhuhuri na alasiri mtaa hufa. Maduka yanafungwa nusu, watu wanajilaza barazani, hata mbuzi wanaingia chini ya magari. Saa sita na nusu nilipita pale mbele ya duka la mabati, barabara ikiwa nzima. Saa tisa narudi, nikakuta shimo katikati. Limelala mashariki kwa magharibi, limeikata barabara kutoka alama ya tairi moja hadi ya pili. Kuta zake zimenyooka kabisa, na chini, kina cha mkono mmoja, ni vumbi kavu tu. Udongo uliotoka humo haupo. Nilizunguka nikautafuta hadi nyuma ya duka, sikuona hata sepetu moja. Wanaume wawili walikuwa wamelala hatua kumi kutoka hapo na hawakusikia chochote.

Nikapima: mita mbili na sentimita saba. Nikamwandikia faini mwenye duka, kama kifungu kinavyosema. Kisha nikaenda moja kwa moja msikitini alikofikia yule mzee Nuh, damu inanichemka.

Imamu akaniapia kuwa hajatoka tangu adhuhuri. Na mwenyewe nikavitazama tena vile vidole. Mtu yule hawezi kushika hata kijiko sawasawa. Hakuuliza kwa nini nimekuja. Aliuliza tu, "Urefu wake?"

Mita hazijui. Akaomba tepu yangu, akailaza sakafuni, akaipima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, mara nne, na shibiri moja juu. Akafumba macho.

"Huyo si Ardo," akasema. "Ardo ni dhiraa nne kamili. Huyo ni Hamse, mtoto wa ami yangu. Alikuwa mrefu sana."

Makaburi yote matano aliyachimba yeye, na yote aliyapima kwa mkono huo: urefu wa maiti na shibiri moja ya nafasi. Nilimwambia asinifanyie mchezo. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo mama yangu asingenisamehe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumelifukia kwa mikokoteni mitatu ya changarawe, tukashindilia. Saa saba mchana lilikuwa wazi tena, safi, na changarawe haipo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Shimo la pili, mbele ya kibanda cha Fatumo, muuza maziwa ya ngamia. Limefunguka watu wakiwa kwenye sala ya Ijumaa. Ni mita moja na sentimita kumi na tano tu.

Nilimpelekea Fatumo karatasi ya faini. Alinitazama, akaitazama karatasi, akaitazama chupa ya maziwa aliyokwisha nijazia.

"Walaal, dada yangu, miaka tisa mimi nakuuzia maziwa. Leo wewe unaniuzia shimo?"

"Sheria, Fatumo."

"Sheria iko na macho? Iangalie hiyo kitu basi! Wallahi hiyo si ya bomba. Hiyo ni saizi ya mtoto."

Chupa aliirudisha chini ya meza. Nilikwenda msikitini, safari hii kwa salamu kamili. Siku hizi tunaongea Kisomali, mimi na mzee, nami nayaandika humu kwa Kiswahili. Nikamtajia urefu. Akapima.

"Mbili na shibiri. Idman, binti wa dada yangu. Alikuwa na miaka minne." Kisha akaniuliza kwa upole, "Adeer, mnamtoza nani faini kwa ajili ya Idman?" Wazee wetu ndivyo walivyo, unamwita adeer naye anakuita adeer.

Naogopa. Nimeliandika neno hilo ili niache kulizungushazungusha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Mawingu, hakuna mvua. Mguu unauma.

Ijumaa, 24 Oktoba

Vivyo hivyo.

Jumatano, 5 Novemba

Mtaa mzima haulali tena mchana. Leo tulikaa kumi na wawili kwenye viti, kuanzia adhuhuri, tukaigawana barabara kwa macho: wewe kutoka nguzo hii hadi ile, mimi kutoka hapa hadi kwa fundi viatu. Abdihafid pia alikuja na simu yake ya kurekodi. Joto lilikuwa linapanda kutoka ardhini na hewa ilikuwa inacheza. Saa saba ikapita. Fatumo, ambaye bado hanisemeshi, akainama kumimina maziwa kwenye kikombe. Muda wa kumimina kikombe kimoja tu. Alipoinua kichwa akatoa sauti ambayo sijapata kumsikia akiitoa.

Shimo lilikuwa katikati ya sehemu yake. Mimi sikuona kitu, na sehemu yangu inapakana na yake. Simu ya Abdihafid inaonyesha barabara nzima, kisha vumbi la pikipiki iliyopita, kisha shimo. Aliitazama mara nne akaizima. Jasho lilikuwa limemlowesha hadi kwenye soksi.

"Andika tu faini," akaniambia. "Tukiacha kuandika, tutakuwa tumekubali kitu."

Mita moja na sabini na mbili. Nilimpelekea mzee chai ya maziwa pamoja na kipimo. Nne kasoro nusu shibiri. Ni Sahra, mama yake mzazi. Alimaliza chai, kikombe kati ya viganja viwili. Halafu akaniambia jambo ambalo nadhani halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Hatukuwa na nguvu ya kubeba mtu. Aliyeanguka hapa, alilala hapa. Nilichimba pale walipoangukia, katikati ya njia. Hata Ardo. Siku alipokufa mimi mwenyewe nilikuwa na homa, sikumbuki hata nilivyochimba. Najua tu niliamka njiani na yeye hayupo. Nilimwacha njiani, wapitaji wamkanyage. Miaka thelathini na tatu wanamkanyaga. Nikifa nitamwambia nini?"

Nilimdhania msumbufu, kisha mchawi. Sasa nikimwangalia naona mtu aliyekuwa na miaka thelathini na tano, ana homa, na kazi ya kuchimba ni yake peke yake.

Anataka amtoe, amlaze makaburini penye ukuta, mahali ambapo hakanyagwi. Imamu amemruhusu. Imebaki ardhi imwonyeshe alipo, na hadi siku ya lami hautimii mwezi.

Alhamisi, 13 Novemba

La nne liko mbele ya lango langu.

Nilitoka kwenda kazini saa nane baada ya chakula, nikafungua lango, na mguu wangu mbovu ukaning'inia hewani. Nilishika bawaba. Mita moja na tisini na tano. Nilikaa pale chini langoni nikaandika karatasi: mwenye kiwanja, Timiro, kosa, kukatwa kwa barabara bila kibali, adhabu, mara tatu. Nikatia sahihi mahali pa mkaguzi, nikatia sahihi mahali pa mkosaji. Fatumo aliniona akavuka barabara na chupa ya maziwa. Alikaa kando yangu tukanywa wote.

Mzee akapima. "Nne na nusu shibiri. Guled, mchungaji wangu." Alijaribu kutabasamu. "Ardo amekuwa wa mwisho. Alikuwa hivyo hivyo, sote tunangoja naye anajifunga shuka."

Jumanne, 18 Novemba

Abdihafid kaniita. Wengine wote wamelipa faini zao, wameogopa. Imebaki yangu. Akanisomea kifungu ambacho mimi mwenyewe nilikiandika kwa mkono wangu mwaka jana: barabara yenye shauri la faini lisilomalizika haiwekwi lami.

"Kwa hivyo lipa, Timiro. Ukishalipa, tunafunika yale mashimo kwa zege, mkandarasi anamwaga lami, tunasahau hii story."

"Hadi lini?"

"Hadi tarehe ishirini na nane. Na usiniangalie hivyo. Mimi pia silali."

Nilirudi nyumbani nikihesabu siku. Sikuwa nikihesabu za kulipa.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua, hatimaye. Ilinyesha tangu asubuhi hadi magharibi, mtaa ukawa mto, maji mekundu yakaingia madukani. Nilisimama langoni na mwavuli nikatazama maji yakimiminika ndani ya shimo la Guled, saa baada ya saa. Shimo halikujaa. Mvua ilipokatika niliinama nikashika chini kwa mkono. Pakavu. Vumbi lilinishika vidoleni.

Alikuwa anataka maji, ndivyo mzee alivyosema ile siku ya kwanza. Nadhani wote walikuwa wanataka.

Ijumaa, 28 Novemba

Sikulipa.

Nimemwambia Abdihafid mbele ya watu ili nisiweze kurudi nyuma. Alinikumbusha kuwa nina miaka minne tu nifikie pensheni. Nikasema najua. Akasema faini inaongezeka kila wiki. Nikasema najua, kifungu hicho pia ni changu. Alitoa barua kwenye droo, ilikwisha chapwa: nimesimamishwa kazi kuanzia Jumatatu, na shauri langu litasikilizwa upesi, siku hiyohiyo ya Jumatatu alasiri. Maana yake watalifuta jioni na lami itamwagwa Jumanne. Nimempatia mzee siku moja. Kwa kazi ya miaka ishirini na moja, nimenunua siku moja.

Nilikwenda kumwambia. Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru. Aliniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 1 Disemba

Naandika haya kibandani kwa Fatumo. Nitaandika polepole.

Mashine zilikuja asubuhi: greda, lori la lami, na rola. Mafundi wakakaa kivulini wakingoja shauri langu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti ukingoni mwa barabara tangu alfajiri. Mtaa wote ulikuwa nje, kuanzia duka la mabati hadi mwisho. Saa sita, hakuna kitu. Saa saba, hakuna kitu. Barabara ilikuwa na mashimo yake manne na haikuongeza hata ufa. Saa saba na nusu mzee alianza kutetemeka mabega. Sikuweza kumtazama. Niliingia ndani nijilaze, nikiwakasirikia mpaka maiti.

Sikulala. Nilijilaza ubavu nikitazama ukuta. Nikasikia sakafu ikishusha pumzi. Ni hivyo tu ninavyoweza kusema. Ilikuwa sauti ya ngamia anapopiga magoti, ule mguno wa chini anapojishusha. Kitanda changu kikainama upande wa miguu.

Nilishuka upande wa pili nikakivuta. Saruji ya chini ya kitanda, aliyoimwaga marehemu mume wangu kwa mikono yake, ilikuwa imezama chini yote kwa pamoja, bila kipande kuvunjika, na kingo zake zimenyooka. Mashariki kwa magharibi. Miaka tisa kitanda changu kimekuwa papo hapo.

Tepu nilikuwa nimeirudisha ofisini pamoja na funguo. Nikatoka mbio, mimi na goti langu, nikamshika mzee mkono nikamwingiza ndani ya nyumba bila hata kumwambia kitu. Alisimama mlangoni mwa chumba. Akavua viatu. Akapiga magoti, akalaza mkono wake ukingoni, kiwiko hadi ncha ya kidole. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Hapakubaki hata unene wa ukucha.

Nilidhani atalia. Badala yake aligeuka akatazama nje, kupitia mlango, ua wangu wote, lango, hadi kule barabarani ambako mashine zilikuwa zimesimama. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikisogea. Kisha akainuka, akatoka, akatembea peku hadi barabarani, akageuka akarudi akihesabu hatua kwa sauti. Hatua arobaini na sita. Kwa mtu mwenye homa, aliyekuwa hajala siku ngapi, na mzigo.

"Hayuko njiani," akaniambia.

"Hayuko, adeer."

"Nilimbeba."

"Ulimbeba."

"Mgunga ulikuwa huku," akasema, akaonyesha kabati langu. "Kulikuwa na kivuli huku. Nilimleta kivulini." Akaketi sakafuni kando ya shimo, mgongo kwenye ukuta wangu, akakunjua ile mikono migumu akaitazama kana kwamba kaletewa ya mtu mwingine.

Abdihafid alinikuta langoni na karatasi yake, shauri limeisha, kesho wanaanza. Nikamwambia barabara ni yake, ila wale wanne walio chini ya mashimo watoke kwanza, imamu amekwisha agiza wachimbaji, na asiponisikia mimi aingie ndani amsikilize mzee. Aliingia. Alipotoka soksi zake alizishika mkononi. Alimwambia fundi wa rola azime injini hadi Alhamisi.

Huyu wa ndani hahitaji kibali cha mtu. Sakafu ni yangu. Nimetoa godoro, nimetoa kabati, nimewaachia mlango wazi. Mzee kaomba akae naye mpaka wachimbaji wafike asubuhi. Nilipoondoka alikuwa anamsimulia jambo, kwa sauti ya chini, la ngamia fulani aliyepotea na kupatikana, na alikuwa anacheka kidogo.